Khanga ya Babu: kisa cha mtoto wa miaka miwili na kitambaa alichokataa kukiachia

Mtoto huyu amerithi jina la babu yake mzaa baba, aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Kwa hiyo nyumbani kwao Nkuhungu, Dodoma, na baadaye kituoni, hakuna anayemwita kwa jina la kwenye cheti. Wote wanamwita Babu, nami nitamwita hivyo. Alipoletwa kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, mwezi Januari, alikuwa na miaka miwili na miezi miwili, na alikuja na khanga.

Si khanga ya mtoko. Ni upande mmoja wa doti aliyonunuliwa mama yake akiwa mjamzito. Wekundu wake umepauka, maandishi yamefifia hadi husomi, na pembe moja imekuwa ngumu na nyeusi kwa mate. Babu huiburuta kila aendako, na vumbi la Dodoma kila mtu analijua. Akishikwa na usingizi, akiogopa, au akianguka, vidole vyake vinatambaa kwenye khanga hadi vifike pale fundi alipokunja na kushona. Hapo anasugua pindo taratibu, kidole gumba cha mkono wa pili kikiwa mdomoni, na baada ya muda mabega yanashuka.

Kazi yangu ni kuwafundisha walezi wa vituo vya aina hii. Mwenye kituo aliniita kwa sababu walezi wake wawili walikuwa wameshaamua kwamba mtoto "ana tatizo". Mama alikubali kisa kiandikwe, mradi majina yasiwemo.

Sheria ya getini

Kituo kilikuwa na sheria kwamba mtoto haingii na kitu chochote kutoka nyumbani isipokuwa chakula, nepi na nguo za kubadilisha. Siidharau sheria hiyo. Mapunye na upele husambaa kwa vitambaa, na chumba chenye watoto kumi na kitu kikiwa na mdoli mmoja wa mtu ni chumba chenye vita asubuhi nzima. Basi khanga ilichukuliwa getini na kutundikwa ofisini.

Wiki ya kwanza Babu alilia hadi kutapika. Uji hakuugusa. Wenzake walipolazwa mchana yeye alikaa wima kwenye godoro akiutazama mlango. Wiki ya pili aliacha kulia, na walezi wakafurahi: "Ameshazoea."

Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu iliyonitia wasiwasi zaidi. Nilipofika nilimkuta amekaa chini karibu na mlango wa ofisi, mgongo ukutani. Hachezi, halii, na mlezi akimpa mpira anaupokea na kuuweka pembeni kama mtu mzima aliyepewa risiti. Miaka ya 1950 huko Uingereza, watafiti James Robertson na John Bowlby walieleza walichokiona kwa watoto wadogo waliolazwa hospitali bila wazazi wao: kwanza mtoto hupinga kwa nguvu zote, kisha hukata tamaa na kunyamaza, mwisho hujitenga na watu. Wauguzi wa wakati ule waliona ukimya ule ni nafuu. Mchana wa kituoni si wiki mbili za wodini, wala sitaki kuzifananisha kwa uzito, lakini kosa la kusoma ukimya kama mazoea ni lilelile. Mtoto aliyezoea hucheza, hula, hugombana na wenzake. Babu hakuwa akifanya hata kimoja.

Nyumbani mambo yalikuwa yameharibika pia. Aliamka usiku mara kwa mara, alimng'ata mama yake alipojaribu kumvua khanga ili amwogeshe, na wikiendi hakuitoa mkononi kabisa. Kabla ya kituo, mama anasema, aliweza kuisahau kitandani hadi jioni.

Kila mtu na dawa yake

Bibi mzaa mama, yuko Mpwapwa, alikuwa na jawabu kwa simu: ipakwe shubiri. Ndivyo alivyowaachisha watoto wake ziwa, na alilea saba. Bibi huyu anampenda mjukuu wake kupita kiasi, anamwita "mume wangu", na hasira yake kwa khanga ilikuwa ya kweli. "Mwanangu, kitambaa kinamtawala mume wangu," alimwambia mama. Baba, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuja na dubu mkubwa wa manyoya na hoja ya pili: mtoto wa kiume na khanga wapi na wapi. Dubu aliwekwa juu ya kabati wiki hiyohiyo, Babu hakumtaka hata kumgusa. Mlezi mmoja alipendekeza khanga ikatwe kipande kila wiki hadi iishe. Jirani alinong'ona kwamba mtoto amefanyiwa jambo, na hilo halikuendelea zaidi ya mlangoni.

Mama mwenyewe hakuwa na dawa. Anafanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, na Nkuhungu iko upande wa pili kabisa. Anaondoka kabla jua halijapanda na anarudi taa zimewashwa. Aliniambia, "Najua ni mimi. Ananitafuta mimi kwenye ile khanga."

Alikuwa sahihi nusu. Nusu ya pili tuliipata tulipokaa na karatasi.

Nani ameondoka

Nilimwomba tuandike ni nani aliyekuwa akimshika Babu kila siku tangu azaliwe. Swali hili naliuliza kwenye karibu kila kisa cha namna hii kabla ya kuuliza lolote kuhusu kitu chenyewe, na bado linanishangaza jinsi wazazi wanavyojibu upesi kuhusu chanjo na kilo, ila hapa wanasimama.

Mama alikuwa naye muda wote wa likizo ya uzazi, siku 84 kwa mujibu wa sheria. Kisha akaja dada wa kazi kutoka Singida. Dada huyu ndiye aliyembeba mgongoni asubuhi hadi jioni, akichota maji siku za mgao, akisonga ugali, akienda gengeni, na alimbeba kwa khanga hiyohiyo. Usiku mama aliichukua na kujifunga yeye, akanyonyeshea humo. Mwezi Juni, Babu akiwa na mwaka mmoja na miezi saba, dada alienda kuolewa. Aliondoka alfajiri kuwahi basi, mtoto akiwa amelala, na waliona ni afadhali hivyo ili asilie. Julai, mavuno yakiwa yameshaingia ndani, bibi akaja kutoka Mpwapwa, akawa anamfunika kwa ileile. Desemba mvua zilipoanza, bibi akarudi kupanda. Naye aliondoka Babu akiwa kwa jirani. Januari, kituo.

Ukiongeza baba anayetoka na kurudi kwa ratiba ambayo mtoto hawezi kuijua, unapata mtoto ambaye ndani ya miezi saba amepoteza watu wawili waliokuwa wakimshika mchana kutwa, wote bila kuagwa, halafu akapelekwa mahali pageni. Katika nyumba hiyo kitu kimoja tu kilikuwa kimepita mikono ya wote na hakijawahi kuondoka alfajiri. Getini pale kituoni, nacho kikaondoka.

Mama alikaa na karatasi hiyo muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe dada hatujawahi hata kumtaja."

Kitambaa kinafanya kazi gani

Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alichapisha mwaka 1953 maelezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mazungumzo haya. Aliona kwamba watoto wengi, kuanzia katikati ya mwaka wa kwanza, huchagua kitu kimoja laini na kukipa hadhi ambayo hakuna mtu mzima aliyekipa. Kwa mtoto, kitu hicho si mama, lakini si kitambaa tu pia. Kinamsaidia kuvuka kutoka kushikwa na mtu hadi kujituliza mwenyewe. Winnicott alisisitiza jambo ambalo wazazi wengi hulipindua: mtoto ndiye mwenye mamlaka juu ya kitu hicho. Hakiwezi kubadilishwa na mwingine, na hata kukifua ni kuingilia. Kwa kawaida hakizikwi wala hakiombolezwi. Siku zinapita, mtoto anakua, kinapoteza maana chenyewe.

Kwa hiyo bibi aliposema kitambaa kinamtawala mtoto, mimi naona kinyume. Ni kitu pekee katika siku yake ambacho Babu anakitawala yeye.

Na bibi hakuwa mjinga kwa kutowahi kuona jambo hili. Mwaka 1970 watafiti Renata na Eugenio Gaddini walilinganisha watoto wa Italia, wakaona wa vijijini wenye vitu vya namna hii walikuwa wachache sana kuliko wa jijini Roma, na tofauti ilikwenda sambamba na kiasi ambacho mtoto aligusana na mama wakati wa kulala. Mtoto anayelala ubavuni mwa mama na kushinda mgongoni kwa mtu hana haja kubwa ya mwakilishi. Watoto saba wa bibi walikuwa na mgongo wenyewe. Mjukuu wake anaishi Dodoma ya ofisi za Mtumba na dada wanaokuja na kuondoka, amebakiwa na khanga ya mgongo.

Nilichunguza pia kama kuna jambo jingine, maana si kila kung'ang'ania kitu ni kwa namna hii. Mtoto ambaye haangalii usoni, haitiki akiitwa, haonyeshi kwa kidole, hasemi, na ameshikamana na kitu kwa namna isiyoelekea kumtuliza, huyo apelekwe akapimwe bila kusubiri. Babu, nilipokaa naye nyumbani kwao, alinionyesha paka kwa kidole, akaniambia "paka ondoka", akaipikia khanga ugali kwenye kifuniko cha chupa na kuilisha. Maneno mawili mawili, kuigiza, macho kwa macho: kwa umri wake, sawa kabisa.

Kuhusu mtoto wa kiume na khanga sikumjadili baba sana. Nilimuuliza kama yeye alibebwa mgongoni kwa suruali. Akacheka, ikaisha.

Tulichofanya

Kwanza tulirudisha khanga. Mwenye kituo alikuwa na hofu ya haki: nikimruhusu mmoja, kesho wote. Tulikubaliana khanga iingie, ikae kwenye ndoano yenye picha ya Babu, kimo ambacho anafika mwenyewe, na aichukue wakati wowote anapotaka. Walezi walitaka tuweke saa maalumu. Nilikataa, kwa sababu kitu cha kujituliza kinachotolewa kwa ruhusa ya mtu mwingine kinarudi kuwa jambo la kuombea, na mtoto anayehofia kunyang'anywa hashushi mkono.

Siku za kwanza alikaa nayo muda wote, na walezi walinitazama kwa jicho la "si tulikwambia". Kisha akaanza kuitundika ili apate mikono miwili ya kuchotea mchanga. Aliirudia mara kwa mara, akaigusa, akarudi kwenye mchanga. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa anaishika asubuhi akipokelewa, wakati wa kulala, na akianguka.

Pili, mama aliacha kumtoroka. Hili lilimgharimu zaidi kuliko yote. Mtindo wa kumwacha mtoto akiwa ameshughulishwa na kitu, kisha unaponyoka, umeenea mno, na kwa mtoto huyu ulikuwa mara ya tatu wa namna ileile. Sasa anachuchumaa, anamwambia anaenda kazini na atarudi akishaamka na kunywa uji wa jioni, anamkabidhi kwa mlezi mmoja tu, yuleyule kila siku, na anaondoka akionekana. Analia? Ndiyo, alilia. Kilio cha kumlilia mtu anayekuaga ni kilio kizima, na kiliisha kabla mama hajafika barabara ya lami.

Tatu, dada. Mama alimtafuta kwa simu, wakapiga ya video. Babu alimtazama bila kusema, akatoka mbio, mama akadhani amekasirika. Alirudi na khanga, akaibandika kwenye kioo cha simu. Dada kule Singida akaanza kulia. Tangu hapo huwa wanapigiana, na Babu amejifunza sentensi yake ya maneno matatu: "Dada yupo Singida."

Upande wa pili wa doti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wazazi wengi huniuliza kuhusu kupata cha akiba, na kisa hiki kilionyesha kwa karibu kwa nini mara nyingi hakikubaliki.

Doti ina pande mbili, na upande wa pili wa khanga ya Babu ulikuwa begini, haujawahi kuvaliwa. Rangi zile, maua yaleyale. Mama aliutoa kwa furaha: mmoja wa nyumbani, mmoja wa kituoni. Babu aliupokea. Nilikuwa natazama mikono, si uso. Vidole vilishika ukingo, vikatembea hadi pembeni, vikarudi, vikatembea tena. Kisha akauachia uanguke.

Upande ule ulikuwa umekatwa lakini haujapindwa. Hakukuwa na mshono wa kusugua, ni nyuzi tu. Tena ulikuwa mgumu wa dukani bado, na unanuka begi. Sisi tulitazama maua. Yeye maua hayakumhusu hata kidogo.

Mwaka 2008 wanasaikolojia Bruce Hood na Paul Bloom waliwaonyesha watoto wa miaka mitatu hadi sita mashine ya uongo iliyodaiwa kunakili kitu chochote. Wenye vitu vyao vya kulalia, wengi walikataa kuchukua nakala, na wengine hawakukubali hata kitu chao kiingizwe ndani. Hata kinachofanana kila nyuzi hakina historia. Ila Babu ni mdogo zaidi ya hao, nami nilikuwa na matumaini kwamba kwake harufu na vidole vingetosha kwa sehemu.

Mama alipeleka upande ule kwa fundi, ukakatwa mara mbili ili usiwe wa kuburuta, ukapindwa kwa kukunjwa mara mbili mshono uwe mnene. Ukafuliwa mara nyingi kwa sabuni ya mche ukalainika, kisha mama akalala nao. Vipande hivyo Babu alivikubali, lakini kwa masharti yake. Kimoja kilibaki kituoni, akakilalia bila shida. Mama alipomletea cha pili nyumbani usiku, alikisukuma na kusema, "Hii shule." Khanga yenyewe ikawa haitoki nyumbani, kwa uamuzi wa Babu, si wetu.

Kufua kulikuwa na kisa chake. Mwanzoni mama aliifua kwa sabuni ya unga yenye manukato makali, na kila ikitoka kambani mtoto aliikataa hadi jioni. Alipobadili sabuni, mgomo ukaisha. Sasa anafua Jumamosi saa nne, Babu akichovya mwenyewe kwenye beseni. Kwa jua na upepo wa huku khanga haichukui muda kukauka, na muda huo Babu anasimama chini ya kamba ameshika pembe.

Kuhusu usalama, kwa ufupi: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiachwe alale na kitambaa kilichoachia, kinaweza kumfunika pua na mdomo. Kwa wa umri wa Babu hatari ni urefu, shingoni na kwenye ngazi. Ndiyo maana vipande vya kituoni ni vifupi.

Aprili

Bunge la bajeti lilipoanza, ofisi ya mama iliingia kwenye miezi ya kutoka usiku, kama ofisi nyingi za Dodoma kati ya Aprili na mwisho wa Juni. Babu alianza tena kwenda na khanga nzima kituoni, na kushinda nayo. Mama alinipigia akisema tumerudi mwanzo.

Hatukuwa tumerudi mwanzo. Mtoto alikuwa anakula, analala, anacheza, khanga ikiwa imefungwa kiunoni. Mzigo uliongezeka, naye akaongeza msaada. Ningekuwa na wasiwasi kama mama angekuwa anarudi saa tatu usiku na mtoto asionyeshe chochote. Nilimshauri asiseme neno kuhusu khanga, ila amwambie kila asubuhi nani atamchukua jioni. Baba alikuwa na mapumziko ya safari wiki mbili, akamchukua yeye. Siku moja alionekana akitembea Nkuhungu na mwanawe begani na khanga shingoni mwake mwenyewe, hana habari na mtu.

Bibi alirudi baada ya mavuno. Shubiri hakuja nayo. Aliomba tu aelezwe ni lini mtoto ataacha, na nilimjibu ninachokijua: wengi huacha wenyewe, polepole, kuelekea umri wa shule, na wengine hubaki nacho kitandani miaka kadhaa zaidi bila madhara. Hakuridhika sana. Ila safari hii, alipoaga kurudi Mpwapwa, alimwamsha mjukuu kwanza.

Kituo kimebadili sheria. Kila mtoto wa chini ya miaka mitatu anaruhusiwa kitu kimoja cha kutoka nyumbani, kilichoandikwa jina, kinachorudi kufuliwa Ijumaa. Wenye kuleta ni wachache kuliko mwenye kituo alivyohofia. Yupo wa kilemba cha mama yake, yupo wa foronya, na mmoja amekuja na kijiko cha plastiki. Walezi waliniuliza kama kijiko nacho kinahesabika. Kinahesabika.